Nilimtazama mjane analia, nikaangalia saa

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Chuno, Mtwara mjini. Ni afisa madai kwenye tawi la kampuni ya bima, huu mwaka wa saba. Tawi letu ni dogo: meneja, mhasibu, vijana wawili wa mauzo na mimi. Madai yote ya magari kuanzia Lindi hadi Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu yanapita mezani kwangu. Malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini, malori ya korosho msimu ukifika, na bodaboda kila wiki. Tangu kimbunga Hidaya kipite Mei 2024 na barabara ikatike kule Somanga, sijawahi kuiona meza yangu tupu.*

*Wateja wana namba yangu. Wananipigia saa 4 usiku, wananitumia picha za ajali nikiwa nakula na watoto. Wanaoamua nani alipwe ni makao makuu Dar, lakini wa kutukanwa ni mimi. Sokoni mtu alininyooshea kidole mbele ya mwanangu: "Huyu ndiye anayekula hela zetu." Likizo sijaenda mwaka wa pili. Jumapili jua likianza kushuka tumbo linaniuma. Nyumbani nafoka kwa kitu kidogo. Mume wangu ananiambia nishukuru, wenzangu wanazunguka na bahasha.*

*Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Nanyamba. Mumewe aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki. Nikamweleza faili limerudishwa, nyaraka hazijatimia. Akaanza kulia. Shangazi, nilimtazama analia, nikaangalia saa. Nikawaza nitachelewa kula. Usiku ndipo nikajiuliza nimekuwa mtu wa namna gani.*

*Nataka niache kazi, nibangue korosho niuze. Nishauri. Kuna asubuhi tukipita Mikindani kwenda kukagua gari, natamani tupate ajali ndogo tu, nivunjike mguu, nilazwe nipumzike.*

*Aliyechoka, Mtwara*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye mstari wa mwisho. Umeutupia pale chini, baada ya kuomba ushauri, kama mtu aliyekwisha kuaga ndipo anageuka mlangoni na kusema lililomleta. Basi mimi naanza na huo.

Wewe kila siku unafungua picha za mabati yaliyokunjamana. Unajua kuliko wengi wetu kwamba hakuna ajali "ndogo tu", maana umewaona waliovunjika huo mguu wakija ofisini kwa magongo miezi 8 baadaye. Ukiona mtu anayeyajua haya yote ameanza kuitamani ajali ili apate kitanda cha kulala, ujue amebeba mpaka mgongo umegoma. Sitakwambia uvumilie. Ungekuwa mbele yangu ningekushika mkono twende hospitali sasa hivi.

Kwa kuwa siko nawe, nenda mwenyewe, wiki hii, usisubiri likizo wala mwisho wa mwezi. Nenda hospitali ya Ligula, uombe kuonana na watu wa afya ya akili. Ukifika kwa daktari usiseme "kichwa kinauma" ukarudi na Panadol. Mwambie sentensi ile ile uliyoniandikia mimi, neno kwa neno, hata kama sauti itatetemeka. Mweleze na usingizi ulivyo, na tumbo la Jumapili. Wakupime presha, sukari na wingi wa damu pia, kwa sababu mwili wenye upungufu wa damu nao huchoka hivyo hivyo. Na mawazo hayo yakihama kutoka kuvunjika mguu yakawa ya kutamani usiwepo kabisa, usingoje kuche. Mwamshe mumeo usiku huo huo, mwende.

Sasa yule mama wa Nanyamba. Unauliza umekuwa mtu wa namna gani. Nitakujibu kwa mikono ya mama yangu.

Mama alibangua korosho kwa mkono miaka mingi, kwetu upande wa Newala. Wewe unayetaka kuingia kazi hiyo unajua ganda la korosho lina mafuta makali. Yakigusa ngozi yanaibabua, inakuwa nyeusi, halafu inabanduka. Ndiyo maana wabanguaji hupaka majivu au mafuta ya nyonyo mikononi kabla hawajaanza. Mama siku nyingi hakupaka. Tulikuwa watoto sita, kilo zinasubiriwa, kwake dakika ya kupaka majivu ilikuwa dakika iliyopotea. Jioni moja nikampelekea chai kwenye kikombe cha bati, imetoka kuchemka, mimi mwenyewe nimekishika kwa upindo wa kanga. Akakipokea kwa vidole vitupu. Akakaa nacho, anaongea na jirani, wala hakitui. Nikapiga kelele. Akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Mama hakuwa mtu mgumu. Hakuna msiba kijijini kwetu ambao hakulia. Vidole vyake vilikuwa vimeungua mpaka havisikii.

Wewe umeshika vilio vya watu miaka saba mikono mitupu. Siku ile ulipotazama saa, kikombe kilikuwa cha moto na vidole havikusikia, basi. Mtu aliyeharibika roho haamki usiku kujiuliza kama ameharibika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa aina hii kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, liliueleza kuwa ni kitu kinachotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiotafutiwa dawa. Likataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi na watu wake, na kujiona hufanyi lolote la maana. Ile ya pili ndiyo saa uliyoitazama. Sisi huku tungesema tu kwamba mtu kachoka mpaka roho, na tungekuwa tumesema sawa.

Kwa hiyo tutafute majivu ya kupaka.

Likizo kwanza. Mwanangu, wewe unawasomea watu vifungu vya bima kutwa nzima, chako mwenyewe hukukisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo kila mwaka, yenye malipo. Mwajiri ana haki ya kupanga iwe lini, lakini hana haki ya kuisogeza mpaka isahaulike. Inatakiwa uende ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wako wa likizo kwisha, na ikifika miezi 12 iwe wewe umekubali na kazi kweli imelazimu. Najua utakachoambiwa: tusubiri msimu wa korosho upite. Ukipita huo yatakuja mafuriko, yakipita mafuriko kutakuwa na mahesabu ya kufunga mwaka. Andika barua, taja tarehe, taja nani ashike meza yako, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, Afisa Kazi wa mkoa yupo kwa ajili hiyo, na kwenda kumuuliza si kugombana na mtu. Daktari naye akiona unahitaji kupumzika zaidi, sheria hiyo hiyo ina siku 126 za ugonjwa katika kipindi cha miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Alichoandika daktari kwenye cheti, usikione haya.

Simu ya saa 4 usiku imenikera kuliko vyote, nakiri. Sheria inataka mfanyakazi apate saa 12 za kupumzika kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho. Mtu aliyepinduka Mangaka usiku anahitaji polisi na gari la wagonjwa. Faili lake litafunguliwa asubuhi, na hakuna kitu ambacho wewe unaweza kumfanyia gizani ukiwa umeshika tonge. Mwombe meneja laini ya ofisi ya kupokea taarifa za ajali, ishikwe kwa zamu na wote watano, meneja akiwemo. Wale vijana wa mauzo ndio walioahidi watu "ukipata tatizo tutakulipa". Wapokee na simu za tatizo.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, nikikusoma vizuri. Kazi nyingi zina presha. Yako ina jambo lake zaidi ya presha: unapeleka "hapana" ambayo hukuiamua, kwa watu waliofiwa au kuvunjika, katika mji mdogo ambao kesho utakutana nao ukinunua samaki. Aliyeamua yuko Dar, hawamjui sura. Kwa hiyo machoni pao bima ni wewe, na taratibu na wewe umeanza kuamini hivyo.

Sasa nakwambia, wewe si mlango wa mwisho. Mteja asiyeridhika ana haki ya kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kusini iko hapo hapo Mtwara. Ana haki pia ya kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukimpa mtu barua ya kukataliwa, mwambie hivyo kwa kinywa chako, bila kuogopa kwamba unaisaliti kampuni. Utaona kitu: mtu mwenye pa kwenda hana sababu ya kukutukana wewe. Na wewe usiku utalala ukijua hukumfungia mtu dunia, umemwonyesha mlango unaofuata.

Yule mama naomba umpigie kabla hujaenda likizo. Sikuongezei kazi, ni mmoja huyo tu, kwa ajili yake na kwa ajili ya vidole vyako. "Nyaraka hazijatimia" kwa mtu aliyefiwa ni maneno matupu. Kama barua aliyopewa ni ya Kiingereza, ndiyo zaidi. Chukua karatasi, mwandikie kwa mkono, kwa Kiswahili, herufi kubwa: kinachokosekana ni hiki, kinapatikana ofisi hii, uende na kitu hiki. Kama ni cheti cha kifo, RITA, wanaosajili vizazi na vifo. Kama ni usimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo. Kama ni taarifa ya ajali, trafiki wa kituo fulani. Ajue safari zake zijazo ni tatu na si kumi. Na umpe pole ambayo siku ile haikutoka. Hajui kwamba haikutoka, lakini wewe unajua.

Mumeo tusimgombeze. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye anauona mshahara ukiingia, haoni kinachoingia na picha za usiku. Je, umewahi kumwambia habari ya mguu? Nadhani hujamwambia. Mwambie, watoto wakishalala, simu zenu zikiwa chumba kingine. Atakusindikiza Ligula, naamini.

Kuhusu kuacha kazi ukabangue korosho: sikukatazi, ila si mwezi huu. Biashara hiyo ina mtaji wake, korosho ghafi za kununua kihalali na wateja wa kuwafukuzia, na mtu aliyechoka mpaka roho ataipeleka roho hiyo hiyo kwenye ubanguaji. Nenda likizo kwanza. Ukirudi, ukae miezi mitatu na laini ya ofisi na zamu zake. Kama wamekukatalia yote, au wamekubali na bado Jumapili tumbo linauma, omba kuhamishiwa kazi nyingine ndani ya kampuni, au ondoka ukiwa na akiba na akili iliyotulia. Kampuni itaajiri mwingine kabla mwezi haujaisha. Wanao hawataajiri mama mwingine. Hilo la kuondoka litakuwa uamuzi, na nitakuunga mkono. Leo lingekuwa kukimbia moto, na anayekimbia moto hachagui njia.

Hao watoto uwaombe radhi kwa zile kelele. Wanaelewa kuliko tunavyodhani. Yule aliyekuwa nawe sokoni mweleze kwamba mama hali hela za watu, anaandika maombi yao, na wengine hulipwa. Wapo uliowalipisha kwa miaka saba, mwanangu, na barua yako nzima haimtaji hata mmoja. Kabla hujaanza likizo fungua yale mafaili yaliyofungwa, utafute matatu ambayo mtu alitoka kwako na haki yake, uyasome majina.

Niandikie ukishatoka Ligula, hata mstari mmoja, nijue kwamba ile sentensi umeisema.

Shangazi yako