Damu Inashuka Kila Mwezi: Mmepima Chembe Changa?

Mdogo wangu anaishi na VVU, mwaka huu ameongezewa damu mara nne. Kipimo cha kingamwili za parvo B19, kirusi kinachozuia mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu, kimetoka hasi. Si ndiyo kusema hana?

Hapana, na nimeshalijibu hili mara nyingi. Kingamwili hutengenezwa na kinga ya mwili. Kinga ikichoka, kirusi kinaweza kujaa kwenye damu na kipimo kikasoma hasi. Anahitaji PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Sampuli ichukuliwe kabla ya chupa nyingine ya damu, maana damu ya mchangiaji huja na kingamwili zake.

Lakini anzeni na retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa. Nimeshika fomu nyingi za wagonjwa wa namna hii: wingi wa damu (hemoglobini, kwa gramu kwa desilita) umeandikwa 4, nafasi ya retikulosaiti iko tupu. Inauma, kwa sababu chembe changa zikiwa karibu na sifuri huku chembe nyeupe na chembe sahani ziko sawa, tayari unajua uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umeacha kutengeneza chembe nyekundu. Ukiutazama kwa hadubini unakuta seli mama chache, kubwa kupita kiasi, na baada yake hakuna chembe zinazoendelea kukomaa.

Ulizeni pia kama anameza zidovudini, dawa ya VVU, nayo hushusha damu. Asiache dawa kwa uamuzi wake! Kinga ikipanda, wengi hukiondoa kirusi wenyewe. Wengine huhitaji dripu ya imunoglobulini, yaani kingamwili kutoka damu ya wachangiaji.

Rozela itasaidia?

Haiui kirusi. Na vidonge vya madini ya chuma kwa mtu anayeongezewa damu kila mara ni kumrundikia chuma mwilini.

Mwanangu ana selimundu. Damu ilishuka kutoka 7 hadi 3, wakasema ni parvo B19. Atakaa nayo maisha yote?

Kwa kawaida hapana. Chembe zake huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, hivyo uboho ukisimama siku 7 hadi 10 tu, damu inaporomoka. Kisha kinga hukidhibiti kirusi. Jambo hili linajulikana tangu 1981, kwa watoto wa London. Kama ana ndugu mwenye selimundu nyumbani, apimwe damu leo.

Nina mimba na ndiye ninayemuuguza mgonjwa wa parvo. Niendelee?

Mwachie mwingine, kesho uende kliniki ukawaeleze. Kirusi hiki hupita kondo na kushusha damu ya mtoto tumboni.