Binti yangu anajua kuendesha gari, lakini hawaoni wenye baiskeli

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu, mwenye umri wa miaka 20, amemaliza mafunzo ya udereva, na kila Jumapili ninamzoesha barabara za hapa mjini. Gia, kona na kuegesha havimsumbui. Juma lililopita alimpita mtu wa baiskeli aliyebeba mkaa kwa karibu mno, hata kioo cha pembeni kikagusa gunia. Nilipomuuliza, alijibu kwamba alipiga honi. Nimfundisheje? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, tunamshukuru Mungu kwamba lililoguswa ni gunia tu. Honi humwarifu mtu kwamba unakuja, ila haimpatii mahali pa kukimbilia, na mwenye mzigo wa mkaa, akiwa na lami kuukuu upande mmoja na mchanga au mtaro upande wa pili, hawezi kukwepa bila kuyumba. Binti abaki nyuma yake, taratibu, mpaka upande wa pili uwe wazi. Uingereza, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, mwongozo wa barabarani uliorekebishwa mwaka 2022 unamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli, na zaidi ya hapo akiwa kwenye mwendo mkubwa.

Linalonitia hofu zaidi ni kivuko cha zebra. Daladala au lori likisimama mbele yake, dereva mgeni hudhani linashusha abiria, akatoka kulipita, kumbe mbele ya bampa yuko mtoto wa shule anayevuka, ambaye hamwoni dereva wala dereva hamwoni. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hula takriban mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mguu unapofika kwenye breki mtoto ameshafikiwa. Kwa kilomita 30 ni mita 8 na kidogo. Mzoeshe kwamba gari lolote lililosimama karibu na zebra limesimama kwa ajili ya mtu, hadi aone kwa macho yake kwamba hakuna.

Naomba pia siku moja ya shule mliache gari nyumbani. Simameni kwenye zebra saa wanafunzi wanapotoka, kisha avuke yeye mwenyewe akiwa amebeba kikapu kizito. Ataona jinsi ilivyo vigumu kukisia mwendo wa gari linalokuja, na kwamba nyuma ya kioo kinachong'aa jua uso wa dereva hauonekani, na hayo hakuna mwalimu awezaye kumweleza yakamwingia vilevile.

Akiegesha, afungue mlango kwa mkono wa kushoto, kwani mwili utageuka wenyewe na macho yataona bodaboda inayokuja nyuma.

Usimpe gari usiku kwa sasa, kwa kuwa pembezoni mwa barabara zisizo na taa watu hutembea wakiwa na nguo za giza. Subiri mpaka umwone anapunguza mwendo kwa ajili ya mtu kabla wewe hujafungua kinywa.