Ukiandika hadithi ya sayari nzito, anza na jiwe linaloanguka

Kabla hujampa mhusika wako jina, dondosha jiwe. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniletea mswada wa hadithi ya kisayansi inayotokea kwenye sayari yenye mvutano mkali. Miswada mingi huanza na jitu la misuli iliyotutumka, halafu ukifika ukurasa wa tatu mvutano umeshasahaulika, watu wanakimbizana ngazini kama wako Kariakoo.

Hesabu ni ya sekondari tu. Duniani, jiwe ukiliachia kutoka mita 1 linafika chini kwa karibu sekunde 0.45. Uzidishe mvutano mara 100, jiwe lilelile litagonga ardhi kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Sasa igeuze: huko, kudondoka sentimita 2 ni sawa na kudondoka mita 2 huku kwetu. Mimi nikifika hapo huacha kuandika kwa siku kadhaa, nabaki kujiuliza maswali. Kiumbe anayeweza kuuawa na kizingiti cha mlango atajenga ngazi ya nini? Atamrushia mwenzake mpira? Mtoto akijipenyeza chini ya kitu chochote kilichoning'inia, mama yake atapiga yowe la namna gani? Hofu hizo ndizo utamaduni wake, nawe umezipata bure kutoka kwenye jiwe.

Hal Clement aliliona hili mapema katika Mission of Gravity, riwaya ya 1953. Sayari yake, Mesklin, inajizungusha kwa kasi hata siku nzima ni kama dakika 18. Mzunguko huo husukuma vitu nje hasa kwenye ikweta, kwa hiyo mvutano unaohisiwa hapo ni mara 3 tu ya wetu, lakini kwenye ncha unafika mara mamia. Ninachokipenda zaidi ni kwamba safari ya mabaharia wake kutoka ikweta kwenda nchani ndiyo kisa chenyewe. Fizikia imemtungia mwandishi njia.

Usidanganywe na ukubwa wa sayari, lakini. Zohali ina tungamo mara 95 ya Dunia, ila kwa kuwa imetanuka sana, mvutano juu ya mawingu yake unakaribiana na wetu. Taja tungamo, taja na nusukipenyo.

Ukitaka binadamu wawemo, fikiria damu. Mtu aliyeketi ana kama sentimita 30 kati ya moyo na ubongo. Mvutano ukiwa mara 5, karibu shinikizo lote la kawaida la moyo linaishia kuipandisha damu hapo tu, ndiyo maana rubani wa ndege ya kivita asiye na vazi maalumu anaweza kuzimia. Basi walaze chali. Na tafadhali usiniletee habari ya John Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani aliyestahimili mara 46 ya mvutano wetu mwaka 1954: ilikuwa kwenye kigari cha roketi kikifunga breki, kwa muda mfupi mno. Kuishi ni jambo jingine.

Kwa hadithi fupi, mvutano wa mara 3 hadi 10 unatosha kabisa. Nyota za nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa yaliyoshindiliwa mno, ambako mvutano unafika mara bilioni 100, waachie wenye nafasi ya riwaya nzima, maana kule hata atomi hazibaki na umbo tulilozoea, na itabidi ueleze kemia mpya kabla mhusika hajafungua mdomo.