Oda ya pili ndiyo mauzo: kwa anayeanza kuuza siagi ya karanga madukani

Ukipeleka makopo 12 dukani na Mangi, yaani mwenye duka, akayapokea, hujauza kitu. Umehamisha stoo. Mauzo ni siku anapokupigia mwenyewe akisema "leta nyingine". Wengi wanaoanza Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza wanahesabu maduka waliyoingia, wakati mtaji wao umelala rafuni kwa watu.

Anza na hesabu ya kopo moja, kwa bei za soko lako wewe. Hapa tuchukue mfano wa kopo la gramu 400. Kilo ya karanga mbichi zilizobanguliwa tuseme ni shilingi 3,500. Ukishachambua, ukakaanga na kupepeta maganda, kilo ile inabaki kama gramu 850. Hapo ndipo watu wanapojidanganya: wanapiga hesabu ya kilo nzima. Kwa hiyo karanga za kopo moja ni kama 1,650, si 1,400. Weka kopo na mfuniko 600, lebo 150, moto na kusaga 300, usafiri 300, na 400 ya kazi yako. Usiiache hiyo ya mwisho, kwa sababu siku utakapoajiri kijana utakuta faida yote ilikuwa mshahara wako ambao hukujilipa. Jumla 3,400. Ukimuuzia mwenye duka 4,500 naye akauza 5,500, yeye anabaki na 1,000 na wewe 1,100.

Sasa mali kauli. Mwenye duka hakujui, bidhaa haijui, atakwambia "acha, ikitoka nitakulipa". Kwa mgeni hilo halikwepeki, ila idadi unaipanga wewe. Makopo 12 kwenye maduka 20 ni shilingi 816,000 za gharama yako zimekaa nje. Makopo manne kwa kila duka ni 272,000. Duka ambalo halijawahi kuuza siagi yako halina haja ya kopo la tano. Acha manne, mwandikishe kwenye daftari, na umwambie siku utakayorudi: "Jumanne ijayo, saa tano." Ukirudi Jumatano umeshamfundisha kwamba tarehe si kitu, na yeye atakulipa hivyohivyo.

Hilo daftari ndilo ofisi yako. Kila duka ukurasa wake, na safu sita tu: tarehe, nilizoacha, zilizouzwa, nilicholipwa, zilizorudi, maneno ya mwenye duka. Safu ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye pesa. "Mteja kauliza kama ina sukari." "Mama mmoja kasema imeharibika, mafuta yamepanda juu." Malalamiko ya mafuta yakijitokeza kwenye maduka matatu, tatizo liko kwenye lebo. Siagi isiyo na kigandishi lazima mafuta yaelee. Andika kwa herufi zinazosomeka "Mafuta kuelea juu ni kawaida, koroga kabla ya kutumia", na makopo yatapungua kurudi. Lakini ikirudi ina harufu ya mafuta ya zamani, hiyo imechacha kweli. Kaangalie lilikaa wapi. Mara nyingi ni rafu ya mbele inayopigwa na jua la mchana. Omba lihamishiwe ndani, hata kama mbele linaonekana zaidi.

Saa ya kuingia dukani nayo ni ujuzi. Asubuhi watu wanataka mkate na sukari, jioni foleni. Nenda kati ya saa nne na saa sita. Nunua hata maji ya kunywa. Kisha usianze na hotuba: fungua kopo la kuonja, mkate uwe tayari, umpe. Akishaonja mtajie faida yake kabla ya bei yako: "Kila kopo unabaki na buku." Usiseme bidhaa yako ni bora kuliko ya kiwandani. Kila anayeingia anasema hivyo.

Wiki mbili zikipita na duka limeuza kopo moja au halikuuza kabisa, chukua mzigo wako kwa heshima upeleke kwingine. Usione haya. Mzigo uliododa kwa Mangi mmoja unaweza kutoka siku mbili mtaa wa pili, na kinachobadilika ni majirani tu.

Mawazo mapya sasa. Mtu akisikia ubunifu hufikiria kubadilisha rangi ya kopo. Afadhali uulize siagi inaliwa na nini. Anayepaka kwenye mkate anaweza kumaliza kopo moja kwa mwezi. Lakini nyumba ngapi zinapika mchicha au kisamvu cha karanga kila wiki? Mpishi wa nyumba hiyo anatwanga karanga mwenyewe, au anaacha kwa uvivu wa kutwanga. Mtengenezee siagi isiyo na sukari wala chumvi, na ubandike maelekezo: vijiko viwili vya chakula kwa fungu moja la mchicha, koroga kwanza na maji ya moto kwenye kikombe mpaka iwe uji, ndipo umimine. Akiitumbukiza ilivyo kwenye sufuria itafanya mabonge na kushika chini, na lawama itakuwa yako.

Kwa mteja huyo kopo la 5,500 ni kubwa. Kikopo cha gramu 50 kinachouzwa buku kinagharimu kama 470 kukitengeneza. Mpe duka kwa 700. Faida ni ndogo kwa kimoja lakini pesa inarudi haraka, na mwenye duka hulipa taslimu kwa vitu vidogo bila maneno mengi. Usifungie kwenye kifuko laini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na kifungashio kisichoeleweka kinakuletea maswali yasiyo ya lazima.

Jaribu wazo moja tu kwa wakati, kwenye maduka matano, mengine uyaache yalivyo, kwa wiki mbili. Ukilinganisha wiki ya tarehe 28 na wiki ya tarehe 15 umejidanganya: mshahara ndio uliouza.

Kabla ya kupanuka, chambua karanga kwa mkono. Zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitoke zote, maana ndizo zinazobeba sumukuvu (aflatoxin, sumu ya ukungu), na kukaanga hakuiondoi yote. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na 5 kwa aina ya B1. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, watapima hilo. Ukiambiwa uende TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ushauri huo umepitwa na wakati: tangu 2019 masuala ya chakula yako TBS. Pitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwanza uombe barua ya utambulisho. Mjasiriamali mdogo anahudumiwa vizuri zaidi akiwa nayo.

Supamaketi ziache mpaka maduka yako 20 yanalipa kwa mzunguko. Wao watataka alama ya TBS, risiti, na msimbo pau (barcode) wa GS1, ambao kwa Tanzania huanza na 620. Kisha watakulipa baada ya siku 30, pengine 60. Piga hesabu ya makopo 200 kwa 3,400: ni 680,000 ambazo huzioni kwa miezi miwili, na karanga za wiki ijayo zinanunuliwa kwa taslimu.