Baba atatolewa figo yenye saratani: niliyoyapitia mimi

Dada, umesema madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, wamekuta saratani kwenye figo ya kulia ya baba yako, itolewe yote, na wewe ndiye utakayemuuguza. Poleni sana. Mimi nilitolewa ya kushoto mwaka 2021, nikiwa na miaka 54. Nauza nafaka hapa Busia.

Anza leo na mapafu yake. Kama anavuta sigara, aache sasa hivi. Mimi nilipasuliwa ubavuni, chini ya mbavu, kwa hiyo kila pumzi ilivuta kidonda. Mgonjwa akiogopa maumivu hupumua juujuu, makohozi yanakaa kifuani, nimonia inaingia. Mfundishe mapema: avute pumzi ndefu puani, aishike kidogo, aitoe polepole, mara 10 kila saa akiwa macho. Na mtafutie mto mdogo mgumu. Wangu mke wangu aliushona kwa kipande cha kitenge, akaujaza sufi. Nikitaka kukohoa naukumbatia, naubana juu ya kidonda kwa mikono miwili, ndipo nakohoa. Bila mto ule nisingethubutu.

Daktari aambiwe kila anachokunywa baba, mitishamba ikiwemo. Aspirini na dawa za kuzuia damu isigande, yeye ndiye aseme zisimame lini, msiamue nyumbani. Kama mtaombwa damu, ulizeni mapema ndugu wakachangie wapi. Beba beseni, shuka, blanketi, chupa ya chai, na mkeka wako mwenyewe, maana huenda ukalala chini kando ya kitanda.

Akizinduka utamkuta na mpira wa mkojo, pengine na bomba ubavuni. Usishtuke. Kesho yake walinisimamisha. Hatua sita tu hadi dirishani, jasho likanitiririka, nikarudi nimeshikwa mabega. Jioni nikaenda tena. Mhimize atembee, kwa sababu kutembea kunazuia damu kuganda miguuni na kunaamsha utumbo. Dawa kali za maumivu hufunga choo, mwombe nesi dawa ya kulainisha. Lakini asizikatae dawa hizo kwa ushujaa, maana mwenye maumivu hapumui vizuri wala hatembei.

Nilitoka siku ya sita. Kutoka Kampala hadi hapa ni karibu kilomita 200, na matuta ya barabarani unayajua. Nilikaa kiti cha mbele, mto ukiwa kati ya kidonda na mkanda. Bodaboda sahau kabisa kwa wiki za mwanzo.

Kubeba vizito nilikatazwa wiki 6. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20, na wazee wetu hawapendi kuonekana wamekaa. Wiki ya tatu niliinua lililojaa nusu, nikahisi kitu kimevuta ndani, nikalala siku mbili. Mfichie majerikeni. Homa, usaha, kidonda kufunguka, mguu mmoja kuvimba au kushindwa kupumua, mrudishe hospitali saa hiyohiyo.

Hili ndilo ninalokuomba ulishike kuliko yote. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji kiuno kiliniuma, nikaenda duka la dawa, nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu. Sikusema nina figo moja, wala muuzaji hakuuliza. Nilimeza siku tano. Kwenye kliniki iliyofuata kreatinini yangu, yaani uchafu wa damu ambao figo huutoa, ilikuwa imepanda, daktari akaniuliza nimekula nini. Nilipoacha ikashuka taratibu, lakini usingizi ulinipotea wiki nzima. Figo iliyobaki inaweza kufanya kazi ya zote mbili, ila diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuiumiza. Baba akiumwa, muulizeni daktari kuhusu parasetamoli. Kila aendako aseme kwanza: nina figo moja. Presha yake nayo ipimwe mara kwa mara.

Majirani watakuuliza mbona hapewi kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Saratani ya figo kwa kawaida haisikii kemo ya kawaida, na ikiwa haijatoka nje ya figo, mara nyingi upasuaji ndio tiba yenyewe. Kwa hiyo fuatilia majibu ya maabara ya figo iliyotolewa, usiondoke bila nakala. Majibu hayo ndiyo yanayoamua atarudi kupigwa picha baada ya muda gani. Mimi bado narudi, na bahasha ya picha zangu zote huwa mkononi.