Msaada wenye ankara

Msomaji wa Morogoro anayetafsiri habari za sayansi kwa redio ya mtaani kwao ananiandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nimepewa habari inayohusu NASA, shirika la anga la Marekani, na wale wanaoshughulikia darubini yake ya Webb iliyoko angani. Nimeandika: 'NASA imetoa tenda ya msaada wa operesheni za kisayansi za darubini ya anga.' Mwenzangu anasema si tenda, ni zabuni. Mhariri wetu anasema ni kandarasi. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Mwenzako amekosea, mhariri amepatia, nawe nimekusamehe. Lakini nyote watatu mnagombania mbu huku nyoka yumo shukani.

Nianze na mbu, nimmalize haraka. Zabuni ni Kiarabu. Kwao zabuni ni mteja, mnunuzi. Sisi tulilichukua tukalipeleka mnadani, likawa kutaja bei. Mwenye kazi hutangaza zabuni, wenye uwezo huiomba, mmoja hushinda. Akishashinda, habari ya zabuni imekwisha, na kinachosainiwa hapo ni mkataba. Kandarasi nayo ni hiyo hiyo kazi ya mkataba, ila kwetu Tanzania ukitamka "mkandarasi" msikilizaji anaona greda, kifusi na kibao cha kuomba radhi kwa usumbufu, na si watu waliokaa mbele ya kompyuta wakipima mwanga wa nyota. Tenda ni Kiingereza kilichoingia bila kubisha hodi, kikamkuta tenda wetu wa kutenda sebuleni, wakazoeana. Nimepigana nalo miaka mingi na limenishinda. Mtaani kwangu wakisema "fulani kapata tenda" kila mtu ameelewa, mpaka rangi ya gari ambalo fulani atanunua.

Kuhusu "operesheni" sitasema mengi. Mpwa wangu alipoisikia sentensi yako aliuliza sayansi imelazwa wodi gani.

Sasa nyoka. Msaada! NASA imetoa tenda ya msaada! Nani anamsaidia nani hapo, na kwa hisani ya nani?

Sisi tuliokula unga wa njano kutoka Marekani, ule tulioubandika jina la unga wa Yanga, tunajua msaada ni nini. Msaada huletwa, hupokelewa kwa mikono miwili, hupigiwa makofi, na aliyeutoa haleti hesabu mwisho wa mwezi. Jirani akikusukumia gari lililozimika, amekusaidia. Fundi akilitengeneza ukamlipa, amefanya kazi. Kwangu alikuja fundi bomba, akakaa chini ya sinki saa mbili, akatoka akinifuta machozi kwa maneno: "Mzee, leo nimekusaidia sana." Nikamshukuru, nikamwombea dua. Ndipo akanipa bei. Bei ile haikuwa na chembe ya msaada ndani yake.

Najua utaniambia: Mwalimu, mbona dukani tunasema "nisaidie sukari kilo moja", na sukari tunalipia? Kweli tunasema, na mimi nasema. Hiyo ni adabu ya kuombea. Mswahili hapendi kumwamuru muuza duka kana kwamba amemwajiri. Lakini hebu tazama risiti. Umewahi kuona imeandikwa "msaada wa sukari, kilo 1"? Adabu iko mdomoni, hesabu iko kwenye karatasi, na mkataba ni karatasi.

Mwingine, aliyesoma sarufi, ataniletea kitenzi kisaidizi. Nitamjibu kwamba kitenzi kisaidizi hakilipwi.

Sasa twende kwenye hiyo kazi uliyoiita msaada, maana nadhani hukupata nafasi ya kuitazama. Wanaoifanya ni Space Telescope Science Institute, taasisi iliyoanzishwa 1981 katika eneo la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, jimbo la Maryland. Inaendeshwa na AURA, muungano wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti, kwa mkataba na NASA. Angalia mwaka: Hubble, darubini ya anga iliyoitangulia Webb, ilirushwa Aprili 1990. Watu hawa waliwekwa kazini miaka tisa kabla ya darubini yenyewe kwenda juu. Mkurugenzi wao wa kwanza, Riccardo Giacconi, baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, 2002. Huyo ndiye msaidizi wako.

Wanafanya nini? Wanawaita wanaastronomia wa dunia nzima walete maombi ya muda wa kutazama. Kwa mwaka wa nne wa Webb yalifika maombi zaidi ya 2,300, yakitaka jumla ya saa kama 78,000. Mwaka mzima, usiku na mchana, una saa 8,760. Kwa hiyo wanakusanya majopo ya wataalamu wayachuje, na majina ya waombaji hufichwa ili profesa mwenye jina kubwa asimfunike kijana asiyejulikana. Kisha wanapanga ratiba: leo darubini itazame huku, kesho kule, isigeuke ovyo. Wanapima vyombo ili namba zinazoshuka ziwe za nyota na si za hitilafu. Wanahifadhi data yote na kuigawa. Usukani wa Hubble uko Goddard, kituo cha NASA wenyewe, mwendo mfupi kutoka hapo, lakini kwa Webb hata amri za kukiongoza chombo hutoka Baltimore, zikipitia antena za California, Hispania na Australia, mpaka kilomita milioni 1.5 kutoka hapa tulipo, ambako hakuna fundi wa kumtuma na spana.

Msaidizi anayeamua nani atazame nini, wapi, siku gani na kwa dakika ngapi, basi mwenyewe anayesaidiwa amebakiwa na nini?

Desemba 1995 mkurugenzi wa taasisi hiyo, Robert Williams, alichukua muda ulio chini ya hiari yake mwenyewe, akaielekeza Hubble kwenye kipande kidogo cha mbingu karibu na kundi la nyota la Dubu Mkubwa ambapo palionekana hapana kitu. Siku kumi mfululizo, picha 342. Wakubwa wengine wa fani walimwonya kwamba atapoteza muda wa chombo ghali na kuchekwa. Katika kipande kile kitupu zikatokea galaksi zipatazo 3,000. Sasa nisomee sentensi yako tena, taratibu, ukiwa umesimama: "msaada wa operesheni".

Ukitaka mfano wa nyumbani, chukua daladala. Kuna tajiri mwenye gari, kuna dereva na konda. Tajiri hashiki usukani. Hajui abiria gani ameshuka Mwenge na nani amegoma kutoa nauli. Dereva ndiye anayeamua apite wapi foleni ikikaza; konda ndiye anayeamua nani apande na nani asubiri gari la nyuma, na huwezi kuniambia kwamba hilo halifanani na jopo la kuchuja maombi. Gari likiharibika tajiri hupigiwa simu, hulalamika, hutoa pesa. NASA ni tajiri. Baltimore ni dereva na konda. Tofauti ni moja, kwamba kwenye ruti hii hesabu hutoka kwa tajiri kwenda kwa dereva, jambo ambalo madereva wa Gongo la Mboto wangelipokea kwa vigelegele. Lakini katika miaka yote niliyopanda daladala sijamsikia mtu akisema dereva "anatoa msaada wa operesheni" za gari. Anaendesha. Neno tunalo, tena lina tairi nne.

Na kama kazi imegawanywa, vilevile msaada haupo. Darubini ya Roman, nyingine ya NASA, imepangiwa mikono mitatu: Goddard, Baltimore, na kituo cha IPAC cha Caltech kule Pasadena. Hiyo ni kazi moja iliyokatwa mapande matatu, na kila pande lina mwenyewe na malipo yake. Ukilazimika kutaja shughuli ndogo ndogo za pembeni, sema huduma. Huduma hulipiwa bila aibu. Muulize mwenye hoteli. Mtu fulani alinipendekezea "uwezeshaji". Hapana. Tangu neno hilo lianze kuhudhuria semina halijarudi kazini.

Nakiri chanzo cha ugonjwa. Kiingereza kina neno moja, "support", linalobeba egemeo, ruzuku, mashabiki wa mpira na mtu wa kompyuta ofisini, na mtafsiri mwenye haraka hulikuta kwenye kamusi likiwa na jibu la kwanza "msaada", akafunga kamusi. Jibu la kwanza kwenye kamusi ni kama dalali wa kwanza stendi, anakushika mkono kabla hujasema unakwenda wapi.

Kwa hiyo soma hewani hivi: "NASA imeipa AURA mkataba wa kuendesha kazi za kisayansi za darubini ya Webb." Darubini usiiguse. Ni Kiajemi, dur ni mbali na bin ni kuona, na ndilo neno pekee katika sentensi yako lililofika salama. "Ya anga" nimeitoa kwa sababu Webb haina pengine pa kuwa.

Mhariri akikuuliza msaada umekwenda wapi, mwambie nimeuchukua mimi. Akiung'ang'ania, mwombe mhasibu wa redio, kwenye karatasi ya mshahara ya mhariri ya mwezi huu, pale palipoandikwa "mshahara", aandike "msaada".