Misekwoya ya California: nenda kuona msitu, usikimbilie mti mmoja

Wageni wengi wa San Francisco huishia Muir Woods, msitu ulio maili kama 12 kaskazini ya jiji, kisha wakarudi wakisema misekwoya, ile miti mirefu ajabu ambayo Waingereza huiita redwood, wameiona. Wameiona, ila mirefu yenyewe bado. Mrefu kuliko yote pale una mita zipatazo 79. Kaskazini zaidi, karibu na mpaka wa jimbo la Oregon, imo inayopita mita 100.

Kama una nusu siku tu, Muir Woods inatosha. Lipia nafasi ya maegesho au ya basi mtandaoni kabla hujatoka. Bila hiyo utarudishwa, na kuegesha kando ya barabara hairuhusiwi. Bondeni simu haishiki kabisa. Watu hukwama hapo: tiketi imo kwenye barua pepe, na barua pepe haifunguki. Ipakue ungali mjini.

Mwenye siku tatu apande barabara ya 101 hadi Redwood National and State Parks, mwendo wa saa sita hivi kwa gari. Mbuga ya taifa haina kiingilio, ingawa baadhi ya maeneo ya jimbo hutoza magari. Jaza mafuta katika mji wa Arcata au Crescent City, na pakua ramani kabisa.

Anza na Lady Bird Johnson Grove (grove ni kijisitu): mzunguko wa maili 1.5, karibu tambarare, hata bibi na wajukuu wataumudu. Kisha Stout Grove, kando ya mto Smith. Njia yake ni fupi mno, lakini kwa maoni yetu hakuna pazuri kuipita. Ukitokea Crescent City utafika kwa Howland Hill Road, barabara ya vumbi iliyo nyembamba kiasi kwamba magari mawili yakikutana, moja husubiri. Nenda na gari dogo. Trela na magari ya kulala acha. Tall Trees Grove inataka kibali, ni cha bure lakini huombwa mtandaoni mapema. Kushuka ni rahisi. Kilima cha kurudi ndicho kitakachokudai maji na pumzi.

Sasa, Hyperion. Ndio mti mrefu kuliko yote inayojulikana duniani, mita 116 hivi, uligunduliwa mwaka 2006. Usiutafute. Tangu 2022 eneo lake limefungwa, na faini hufika dola 5,000 pamoja na kifungo cha miezi sita. Tena ukisimama chini yake kilele hukioni, na shina lake ni dogo kuliko la majirani wengi. Sababu ya kufungwa iko ardhini: msekwoya hauna mzizi mkuu. Mizizi yake hushuka mita 2 hadi 4 tu, ila hutambaa hadi mita 30 pembeni. Nyayo nyingi hushindilia udongo, na maji na hewa havipenyi. Ndiyo maana hata penye miti mingine usiache njia kwa ajili ya picha.

Kwa picha, ukungu ni rafiki. Jua la mchana huacha vipande vyeupe na vyeusi ambavyo kamera haiwezi kuvipatanisha. Asubuhi za Juni hadi Agosti ukungu huingia kutoka baharini, na ndio unaoinywesha miti hii wakati mvua hazipo. Kwa hiyo beba sweta na koti jepesi hata Julai. Anayevaa kaptula kwa kusikia neno California hutetemeka.

Mmea wenye vijani vitatu vitatu vinavyong'aa, usiuguse. Mafuta yake huwasha kwa siku nyingi na hushika hata nguoni. Ukigusa, osha kwa sabuni mara moja. Elki nao, wanyama wakubwa wenye pembe za matawi, huonekana wapole wakila majani karibu na barabara. Kaa mita 23 mbali, na Septemba na Oktoba uongeze, maana madume huwa wanagombea majike. Upepo ukiwa mkali, ahirisha matembezi: tawi lililokatika juu huko hutua na uzito wa gogo.